Gari yako imeacha kugonga, Nassor

Nassor, ndugu yangu,

Gari yako haigongi tena. Nimeona nikwambie hilo kwanza, maana najua ndilo ungeuliza kabla hata hujaitikia salamu.

Eda ya Rukia imekwisha. Siku ya tatu tu baada ya kutoka, mkeo alikuja mwenyewe gereji Mwanakwerekwe, ufunguo mkononi. Nikamkaribisha kwenye benchi, akakataa kukaa.

"Shemegi," akanambia, "nataka gari hii iwe gari ya kawaida. Nimpeleke Zuhura skuli, nirudi zangu Chukwani, basi."

Nikamwambia nitaitazama. Nikakaa nayo siku nane siigusi.

Unajua kwa nini. Ndani ya kompyuta ya injini ile imo kazi yako ya mwisho. Bomba pana la moshi na chujio jipya la hewa tulifunga pamoja, mimi na wewe, lakini namba za kompyuta ulizipanga peke yako. Ukaufanya moto wa plagi uwake mapema zaidi, hata hukunambia. Nilipoisikia injini inagonga kwenye gia ya tatu, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, nikakwambia, "Nassor, utaiua hii." Ukacheka. "Khamis, wewe mwoga tu."

Neno dogo, lakini lilinikaa. Ijumaa ile uliponipigia twende tukaijaribu njia ya Chwaka, niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Jumatatu presha ikakuangusha, wakakukimbiza hospitali kwa gari hiyo hiyo. Nilipofika hospitali, nshachelewa. Ulikuwa umeshafunikwa shuka.

Sijamwambia mtu. Nnakwambia wewe. Nisamehe.

Siku ya tisa nikafungua laptopu. Nilidhani nitairudishia kompyuta namba za kiwandani, nimalize. Wapi! Injini sasa inavuta hewa nyingi kuliko ilivyoumbwa nayo, petroli ya namba zile haikuitosha, ikawa inakohoa kila ukiikanyaga. Ikabidi nipange namba upya kabisa, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja aendeshe, mwengine asome kwenye kioo cha laptopu. Siku zote muendeshaji ulikuwa wewe.

"Nambie tu nikanyage wapi," Rukia akasema.

Tukatoka asubuhi. Mama yako akakaa nyuma na tasbihi yake, watu wasipate la kusema. Nikaanza na namba zako, nijue pa kupunguza. Tulipopita Dunga, penye mwinuko, nikamwambia Rukia aingize gia ya tatu na akanyage. Injini ikagonga.

"Mbona inalia hivyo?" mama yako akauliza.

"Ndivyo ilivyokuwa ikilia akirudi nyumbani, mama," Rukia akamjibu. "Nikiisikia toka njia kuu, nateleka chai."

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mguu hakuuondoa. Mimi namba zilinipotea machoni. Nikamuuliza, "Niiache kama alivyoiacha?"

Akasogea pembeni ya njia, akasimama.

"Iondoe, shemegi. Siku kaka yangu alipoirudisha gari kutoka hospitali, Zuhura aliisikia. Akakimbilia mlangoni akiita baba. Siwezi kumuona akikimbia vile mara ya pili."

Mama yako akaacha kuhesabu tasbihi. Nassor, hapo nilishindwa. Nilishuka, nikasimama nyuma ya gari, nikalia kilio ambacho sikukilia siku ya maziko.

Kisha nikarudi ndani. Nikauchelewesha moto wa plagi kidogo, nikaongeza petroli pale injini inapobeba mzigo. Tukaupanda mwinuko ule mara nne. Mara ya kwanza iligonga, ya pili ikagonga kwa mbali. Mara ya nne nilitega sikio mpaka juu kabisa, nikasikia upepo wa dirishani tu. Tukaenda nayo hivyo hivyo mpaka Chwaka.

Huo mlio wako nimeufuta mimi, kwa mkono wangu. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Kwaheri, ndugu yangu. Mola akupe wasaa huko uliko. Na nnakuahidi jambo moja: Zuhura akikua, akiniuliza ulikuwa mtu gani, sitamwambia ulikuwa malaika. Nitamwambia baba yake alikuwa mkaidi, la mtu halisikii, na akicheka ndani ya gari, hata mwenye hasira naye hucheka. Kisha nitamkalisha mbele ya usukani, nimfundishe kuendesha.

Khamis