Somo Lililoishia Kitovuni

Kongowe, Kibaha
Julai, 1976

Dada yangu Zubeda,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga goti, maana siku nyingi sijakuletea. Vipi hali yako, na shemeji, na watoto, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua wakati wa kuokota korosho? Sisi huku wazima, muhogo umekubali, nguruwe tu ndio hawana adabu. Kabla sijaendelea nakuomba jambo moja. Kwa kuwa kisomo cha watu wazima kimekutoa gizani na sasa huko Kisarawe unasoma mwenyewe, barua hii usimpe mtu akusomee, hata shemeji. Ukiimaliza, itie motoni chini ya chungu.

Dada, nimechoka. Shule imenifika hapa kooni. Unajua kijiji kilinichagua mimi nikajifunze ukunga wa kisasa na jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi, ili wanawake wetu wasizalie njiani. Nilifurahi mno. Masomo yenyewe ni mafupi mafupi, tukitoka shamba tunakusanyika ofisini kwa chama, tunabanana kwenye mabenchi kama watoto. Mwanzoni yalikuwa matamu. Tulitafuna ugali mkavu bila kumeza mpaka ukawa mtamu mdomoni, tukaambiwa mate ndiyo yanayougeuza kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoinua jembe. Tukasoma moyo, mapafu, ini na nyongo yake, na figo zinavyoichuja damu kama tunavyochuja tui. Nilikuwa najibu kuliko wote. Marselina, mke wa fundi seremala ninayekaa naye benchi moja, akawa ananitegemea mimi.

Tatizo ni mwalimu. Mwalimu ndiye Matano, bwana mganga wa zahanati yetu, mkwe wangu, mume wa Mwanajuma wangu. Kijana mzuri, sina neno naye. Lakini unamjua heshima yake. Tangu amwoe mwanangu, nikipita njia hii yeye anashika ile, na mbele yangu hali hata kipande cha muhogo. Sasa mtu huyo ndiye serikali imemleta anifundishe mimi mwili!

Alichora mtu ubaoni kwa chaki za rangi. Kichwa, kifua, tumbo. Siku tuliyofika kitovuni akageuka, akaniona benchi la mbele nimeshika penseli, chaki ikamkatikia mkononi. Akakohoa, akakohoa tena, halafu akasema leo tutazungumzia magoti. Basi tukakaa magotini, Dada! Kila siku magoti. Kano za goti nazijua utadhani nilizisuka mimi. Na yule mtu wa ubaoni, Mungu anisamehe, kati ya kitovu na mapaja hana kitu, peupe kama sinia.

Wenzangu wakaanza kununa. Daktari anatoka mkoani kuja kututahini, na hatauliza magoti peke yake. Marselina hana simile, akasema mbele ya watu kwamba darasa zima litaanguka kwa ajili ya haya za watu wawili. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nikamtuma Mwanajuma amwambie mumewe kwamba mle darasani mimi si mkwe, ni mwanafunzi tu. Jibu likarudi kwamba yeye yuko radhi kuacha kazi kuliko kuyataja mambo yale mbele ya mama mkwe.

Nikatoka mwenyewe. Nikakaa barazani chini ya dirisha, naambua kunde, kana kwamba nimepita tu nikapumzika. Wote wanajua nipo, yeye anajua nipo, lakini heshima imelindwa. Ala! Hata hilo halikumtosha. Akaacha kutaja majina, akawa anaonyesha kwa fimbo. Hiki kimeungana na hiki, kikitoka hapa kinapita hapa, kinashuka hapa. Mimi huko nje nikaambulia hiki, hiki na hiki. Nilirudi nyumbani na bakuli la kunde na hasira tele.

Nilimwomba Marselina anieleze, akanieleza huku akicheka, mirija na mishipa kaivuruga yote. Nikamuuliza hasa juu ya mwanamke wa umri wangu anayezikosa siku zake. Hapo akakumbuka kwamba mwalimu alisema wengine huwa wamekoma na wengine wamebeba, na mwanzoni ni rahisi kuchanganya. Nikamuuliza basi mtu atatofautishaje. Akasema hapo alikuwa anasinzia, niende nikamuulize mkwe wangu.

Najua umeshaanza kunitilia shaka. Haya, nasema. Dada, siku zangu zimekatika tangu wakati wa kupalilia. Nilijua nimekoma kama ulivyokoma wewe. Kichefuchefu sina, na unakumbuka mimba zangu zilivyokuwa zinanilaza chali. Mtoto wangu wa mwisho ameshaota ndevu! Hata vitambaa vyangu nimevigawa. Lakini moyo haukutulia, ndiyo maana nililitaka somo lile kuliko huo mtihani. Mwanajuma mwenyewe ni mjamzito, na unajua watu wetu wanavyomsema mama anayezaa pamoja na bintiye.

Jana niko pale pale barazani, bakuli nimelipakata, ndani hiki na hiki vinaendelea. Bakuli likaruka. Nikadhani ni mkono umeteleza. Likaruka tena, kunde zikamwagika. Dada, ukomo haupigi teke.

Nililia, na kilio chenyewe cha hasira. Mume wangu Kondo sijamwambia, maana unamjua, atafurahi mpaka watu wa Maili Moja wasikie. Na aibu hiyo bado ndogo. Nesi wetu kahamishwa na hajaletwa mwingine. Mkunga wa kijiji ndiyo niwe mimi, na mganga hajigangi. Uchungu ukinishika ghafla, kwa umri huu, aliyebaki wa kunipokelea mtoto ni Matano, mtu asiyeweza kulitaja tumbo langu, seuze kulishika. Atakohoa, na mimi nife?

Sifi. Jumatatu narudi benchi la mbele. Nitaishika chaki mwenyewe, nimchoree yule mtu alichonyimwa, kisha nikitaje kwa jina lake, kwa sauti, mkwe wangu akisikia. Akitaka kukimbia, mlangoni atamkuta Marselina, tumeshapatana. Halafu nitamwambia anifundishe yote bila kuficha, kwa kuwa mgonjwa wake ni mimi.

Hilo naliweza. Nisiloliweza ni kumwambia Mwanajuma. Kwake sina ubao wala chaki. Nakuomba uje umwambie wewe, mama yake mkubwa, naye akilia umnyamazishe kabla hajaniona.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na majirani wanaoniulizia waambie mdogo wako anasoma kwa bidii. Ukija, niletee kanga kuukuu za kuchania winda. Lete nyingi, za mjukuu na za mjomba wake.

Mdogo wako akupendaye,
Biasha binti Zahoro