Kona Uliyoipinda kwa Ajili Yetu

Kwa kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba mgongo haukusumbui tena kwa kukaa kutwa mbele ya kompyuta. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea na dawa zake. Mpwa wako anaota meno na ananing'ata ninapomnyonyesha, usingizi nimeshausahau. Ukiona mwandiko unayumba, jua naandika kwa mkono mmoja, wa pili umempakata yeye.

Kaka, ulipokuja na laptopu ukaiweka juu ya meza ya Mama, majirani walijaa sebuleni. Ulituonyesha vilima vyetu ndani ya kioo na barabara mpya itakayopita huku, ukatueleza kwamba msanifu wa barabara anaweka nukta chache tu, kisha programu inaziunganisha na kukunja kona kwa kipimo kinachofaa magari. Mama Pacha, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, akakuuliza kama humo ndani anaonekana amenenepa. Ulicheka, ukamwambia mashine yako haina shangazi wala mjomba, haimpendelei mtu. Baadaye ukaniomba nipite nyumba kwa nyumba niwatulize watu wasiwafukuze wapimaji, kwa kuwa mimi wananisikiliza.

Nikapita, jua kali, mtoto mgongoni. Fundi cherehani alinifungia mlango usoni. Nikarudi tena mpaka akalainika. Kila nilikoingia nilisema maneno yako kana kwamba ni yangu.

Wapimaji wakaja. Vigingi vyekundu vikapita katikati ya jiko la Mama Pacha, vikachukua chumba cha fundi cherehani na nyumba mpya ya muuza mkaa. Kwetu havikugusa hata banda la kuku. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaenda kulia na Mama Pacha. Nililia kwa dhati, kaka, nikiamini ni bahati mbaya tu.

Siku hiyohiyo mkuu wa wapimaji aliingia kwetu kuomba maji ya kunywa. Akanipongeza kwa kuwa na kaka anayejua kupenda. Alidhani najua. Akasema mstari wa kwanza wa barabara ulishuka bondeni na kuvunja nyumba moja tu, yetu, na kwingine kote ni majani matupu. Nikaweka jagi chini, nikatafuta simu.

Nilipokupigia simu hukukana. Ulisema ulivuta nukta moja tu, programu ikapanga yaliyobaki, na kona bado iko ndani ya vipimo, hakuna wa kuhoji. Ukaniuliza ungewezaje kumvunjia nyumba mama yako mzazi. Ukaniambia ninyamaze, nilee mtoto.

Kwa Mama nakuelewa. Lakini mbona ulinituma? Nilipolazwa hospitali, Mama Pacha ndiye aliyemnyonyesha mwanangu pamoja na mapacha wake. Sasa akiniona anageuza uso. Jana alinirushia neno moja tu, kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, akaendelea kufagia. Wote wanadhani tulipanga pamoja. Ungenipiga kofi, ningesahau. Uliuchukua mdomo wangu ukawafungulisha milango watu ambao ulikwisha kuamua kuwavunjia.

Basi nisikilize vizuri. Jumamosi wakubwa wa mradi walikutana na wakazi. Nilisimama, mtoto akilia, nikasema kwamba mstari ulipita kwetu na wewe ndiye uliyeuhamisha. Fundi cherehani akanipigia kelele nikae chini, hana haja na vituko vya ukoo wetu. Sikukaa. Mkuu wako alikuwepo, ameagiza mstari wa kwanza uletwe. Najua kazi yako iko hatarini, na nyumba yetu huenda ikaondoka. Mama nilimweleza kabla sijatoka. Hakunizuia wala hakunibariki. Alisema tu nimvalishe mtoto kofia.

Wewe ni kaka yangu na nitakuita kaka. Ila usinitume tena kwa mtu.

Msalimie sana wifi. Nilimwuliza Mama nikupe salamu gani, akajibu kwamba zake utazipokea mwenyewe. Ukija, anzia kwa Mama Pacha, umwambie kwa kinywa chako. Kwetu utaingia baadaye, kama mlango utakuwa bado upo.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa mpwa wako.