Kipa wa Hoki ya Barafu

Yaya Furaha,

Waambie wote hapo Uvira: mudogo wako ni kipa wa hoki ya barafu! Usicheke. Bujumbura jua linachoma, barafu iko kwa wauza samaki tu. Lakini kuna muzee muzungu wa mtaa wa Kinindo, kocha aliyefundisha mpaka timu za taifa huko Ulaya. Anatuchezesha kwenye sakafu ya sima, saruji tupu, na fimbo za mikaratusi.

Jana timu yangu ya mtaa wa Cibitoke ilicheza na mtaa wa pili. Tangu vita vijana wa mitaa hii miwili hawasalimiani. Nilifungwa mabao tisa, yote ya kimataifa. Kisha kocha akasema, "Desturi ya hoki: mupange mistari, mupeane mikono. Mukikataa, mchezo umekufa."

Hakuna aliyesogea. Si unanijua? Nikamshika mfungaji wao: "We, umeniua! Mama yako ako muzima?"

Akacheka. "Muzima. Wako je?"

Basi, mistari yote ikaanza kuulizana hali: mama, nyumba, mpaka mbuzi. Kocha akatazama saa. "Kwetu hii ni dakika moja!"

Nikamujibu, "Apana, kocha, bado hatujafika kwa mashangazi!"

Salamu zilipita mechi kwa urefu. Kesho wanarudi wote. Usiniombee ushindi, yaya, niombee magoti. Nakukumbatia na watoto mpaka mbavu zilie.

Bahati wako