Usimguse Kipara

Karakana ya Viatu,
Nyuma ya Soko Kuu.
Alhamisi asubuhi, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hujakaa kitako, kabla hujaitafuta miwani, toka dukani uvuke barabara. Aliyekuletea barua hii ni dereva wa lori la unga, na nimemwapisha akusomee ukiwa upande wa pili. Binamu na mapacha wake watoke pia, hata kama wana povu la sabuni kichwani. Mikate iache iungue.

Sasa salamu, maana nakujua. Barua isiyo na salamu huisomi, unaigeuza geuza ukidhani ukurasa wa kwanza umedondoka njiani. Shikamoo Shangazi. Hujambo? Magoti yanasemaje siku hizi? Sisi huku tu wazima, ingawa wiki hii nusura neno hilo lisiwe kweli. Wifi yako, yaani mama, ana kikohozi kidogo tu. Mke wangu hajambo. Mimi mwili upo, roho iko mkononi.

Unavikumbuka vile vyuma viwili alivyoviacha Babu, marehemu baba yako, chini ya mizinga yake ya nyuki. Baada ya mazishi ukachukua kimoja, mimi kimoja, viwe kumbukumbu, na vyote tukaviita Kipara kwa jinsi vichwa vyao vinavyong'aa. Kipara wako anazuia mlango wa tanuri usijifunge. Uliniandikia mwenyewe kwamba anatunza joto vizuri, hata mapacha wanaota naye moto asubuhi. Nilipoisoma barua ile nilicheka. Sasa sithubutu kuisoma tena.

Kipara wangu nilimsimamisha kwenye gogo, kichwa juu, nikamfanya kalibu. Kiatu namvika yeye, misumari nagongelea juu yake. Kila siku ya kazi, Shangazi, nyundo juu ya kichwa chake, tangu Babu alipotutoka.

Jumatatu alikuja Mwalimu Lini na kiatu kilichopasuka soli. Huyu ni mwalimu mstaafu wa historia, na jina hilo tulimbatiza sisi kwa sababu maswali yake yote huishia na "lini". Karakana yangu ina kiti kimoja tu chenye mgongo, na sheria yake ni kwamba anayekosa jibu anakipisha. Karatasi ilivumbuliwa wapi? China. Baruti je? China hukohuko. Nani alivumbua umeme? Hapo huzuka ugomvi kila mara, maana Mwalimu hataki kabisa kusikia kwamba kitu kilichokuwepo tangu dunia iumbwe kimevumbuliwa. Umeme uligunduliwa, anasema, kilichovumbuliwa ni taa. Kinyozi, jirani yangu, hajapata kulikumbuka hilo hata siku moja, ndiyo maana huwa anasimama.

Siku hiyo Mwalimu akauliza, "Mzinga ulianza kutumika vitani lini?"

"Vitani?" kinyozi akashangaa. "Kwani walikuwa wanarushiana nyuki?"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Nami kwa kiherehere changu nikadakia, "Mngemuuliza babu yangu! Hiki hapa ni cha mzinga. Alituambia mwenyewe: hivi ni vya mzinga, msivigonge, msivipashe moto, viacheni hukohuko." Nikamalizia kwa kupiga msumari.

Mwalimu hakucheka. Aliniuliza Babu alikuwa wapi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nikamjibu alikuwa mchukuzi wa jeshi, akibeba mizigo ya askari. Mzee wa watu akainuka kitini, na hakuwa amekosa swali lolote.

"Weka nyundo chini," akasema, halafu akabadili. "Hapana, usiiweke. Ishike hivyohivyo, utoke nayo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Maisha yake yote Babu tulimjua kwa kurina asali, kwa hiyo aliposema mzinga, nani angefikiria mzinga mwingine? Nakumbuka hata wewe ulisema ni nyuki ndio wasiopenda kugongewa wala moto. Kumbe alikuwa anautaja ule unaotema moto, na vyuma vile ndivyo vilivyokuwa chakula chake. Sijui kama alirudi navyo kutoka vitani au alivifukua shambani. Ninachokiamini ni kwamba aliviweka chini ya nyuki makusudi, mahali ambapo mwenye akili zake hatii mkono. Nyuki walikuwa walinzi wake. Sisi tukangoja wakahama, tukavitoa, tukajiona wajanja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwetu guu peke yake lingekuwa nafuu.

Wanajeshi walikuja mchana uleule, wakatuhamisha mtaa mzima. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mpole. Alimtazama Kipara, akatoka kuniuliza nilikuwa nikimgonga na nini. Nikamwonyesha nyundo, bado ilikuwa mkononi. Akaomba mahali pa kukaa.

Kesho yake wakamlipua nje ya mji, kwenye machimbo ya mawe yasiyotumika tena. Alikuwa hai, Shangazi! Miaka yote ile alikuwa hai. Tulikuwa mbali, na hata hivyo kioo cha kinyozi kilidondoka ukutani. Mama aliketi chini palepale barabarani, akanivuta, akawa ananipapasa kichwa, mabega, vidole, kimoja baada ya kingine. Tangu hapo sijashika kazi. Mtu akibamiza mlango naruka. Viatu vya watu vimejaa sakafuni na wenyewe wanakuja kunipa pole, kisha wanasimama mlangoni kulitazama gogo.

Kwa nini sikukupigia? Simu wewe huitaki, unasema ni mashine ya kuletewa umbea nyumbani. Basi Jumanne nilimpigia jirani yako dobi, na laini ilikuwa inakatika katika. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, "Mwambie Shangazi ana bomu mlangoni pa tanuri!" Akasema amesikia. Jana akanipigia kwa furaha: "Shangazi anashukuru sana, kweli bomba lilikuwa linavuja, fundi ameshalifunga."

Mke wangu alianza kucheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Nilimpigia tena dobi, simu imezimwa mpaka sasa. Nikawapigia polisi wa huko, kama wanajeshi walivyoniagiza, wakataka namba ya nyumba. Mimi ninachojua ni "kwa mama mikate, nyuma ya dobi", kama watu wote wanavyojua. Wakasema watatafuta. Usiku kucha nimekuwa nikiwaona mapacha wamekaa karibu na mlango ule, wamenyoosha viganja. Kulipopambazuka nikakimbilia kwa dereva wa lori, maana yeye dukani kwako anapajua.

Ni bomu, Shangazi. Si bomba. Dereva, tafadhali lirudie neno hilo mara mbili.

Usimguse Kipara. Usimmwagie maji, usimsogeze kwa mguu wala kwa fagio. Moto wa tanuri uache ufe wenyewe. Wala usijiambie kwamba umemzoea, mimi nilimzoea kuliko wewe. Naogopa hasa usije ukamkumbatia ukampeleka uani ili duka lisiharibike, maana hilo ndilo wazo lako la kwanza, nalisoma kutoka huku. Waonye majirani wakae mbali, kisha dereva awafuate polisi na lori lake, awalete mpaka hapo.

Tanuri litajengwa jingine. Wewe ndiwe baba wa kike niliyebaki naye, sina mwingine wa kunifokea. Kama ungeniona jinsi ninavyoandika, nimepiga magoti sakafuni katikati ya viatu vya watu, ungenicheka, na ningefurahi unicheke.

Mama anakusalimu sana na kukusihi umsikilize mwanawe japo mara hii moja. Mke wangu anamsalimu Binamu na kuwabusu mapacha. Mwalimu Lini, ambaye humjui, anakutakia heri, na hajauliza swali lolote tangu Jumatatu. Msalimie dobi, umwambie sina kinyongo, ila atafute simu nyingine. Mwenyezi Mungu akufunike kwa mkono wake kama alivyonifunika mimi na ujinga wangu wote.

Wako akupendaye kwa hofu na mapenzi,
Mwana wa kaka yako,
Fundi Viatu.

Nyongeza: Kama dereva amesoma mpaka hapa, na wewe bado umesimama kizingitini ukisema ngoja kwanza nitoe hii mikate, barua imekwisha, Shangazi. Hakuna lingine la kusikiliza. Vuka barabara.