Maji ya Kukandia

Mikumi,
9 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo, mkweo Elia anakusalimu sana, na joto ni lile lile la kukaangia mahindi. Hofu ni kwako, mgongo na masikio. Kwa vile simu huisikii tena, barua hii nimempa Mudi, konda wa basi la Kilosa, akufikishie mpaka mlangoni.

Mama, nina mimba. Huu ni mwezi wa nne. Sikutaka kukuambia mapema, na unajua kwa nini.

Jambo la pili ni bafu. Elia anataka kufunga pampu ya joto, kama zile anazozihudumia hotelini kwao. Ni mashine yenye feni kubwa, inakaa nje ya ukuta, inavuta joto la hewa na kulihamishia kwenye maji ya tangi. Haichomi kuni wala mkaa, na umeme inakula kidogo. Anasema joto la Mikumi limetutesa vya kutosha, sasa na lenyewe lifanye kazi. Tunabishana tu pa kuiweka, maana ukuta unaofaa ni wa chumba chako cha kufikia, na inaunguruma.

Naitaka kwa ajili yako. Nilipojifungua yule mtoto ambaye hakulia, ulikuja ukanikanda kwa maji ya moto kama mzazi yeyote. Nilikuuliza unanikanda ya nini na mikono yangu mitupu. Ukasema, "Mwili umezaa. Wenyewe haujui." Kisha nikakuona dirishani, umebeba sufuria ya maji yanayochemka, miguu inatetemeka, moshi umejaa machoni. Sitaki uibebe tena. Nataka ufungue koki, unikande, basi.

Mwanao,
Hilda


Kilosa, Magomeni,
23 Machi 2025

Mwanangu Hilda,

Marahaba. Milele amina. Mimi sijambo, mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Barua yako niliisoma Mudi akiwa bado amesimama mlangoni, nikalia mpaka akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna mjukuu.

Sasa hiyo pampu yenu. Maji yasiyonukia moshi yana nguvu gani? Wazazi wa mtaa huu karibu wote wamepita mikononi mwangu, na wote kwa maji ya kuni. Lightness wa dukani alikuwa akipiga kelele mpaka wauza samaki wanasimama barabarani. Wewe kazi yako ilikuwa kuchochea moto, huku unaimba nyimbo za kwaya ambazo hata maneno yake huyajui. Baba yako, Mungu amrehemu, akirudi stesheni anakuta uani pamejaa wanawake, anapitiliza kwenda kunywa chai kwa jirani. Siku hizi uani kuna kuku tu, na hao nao nawasikia kwa mbali. Nazikumbuka sana zile asubuhi, mwanangu.

Lakini nyumba ni yenu. Iwekeni ukutani kwangu, iungurume inavyotaka, mimi nitaisikilia wapi? Mwambie mkwe wangu maji yawe ya kumshtua mtu, si ya kumwogeshea bwana harusi. Na koki iwe chini, niifikie nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Mwezi wa saba nitakuja, nikupokee wewe na mtoto.

Mama yako,
Magreti


Mikumi,
4 Mei 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Pasaka ilikuwaje huko? Sisi tu wazima, na tumbo sasa halifichiki hata kwa kanga mbili.

Pampu imefungwa. Elia amejenga jukwaa dogo la zege nyuma ya chumba chako, na matone yanayotoka kwenye mashine ameyaelekeza kwenye shina la mpapai. Feni inatoa hewa ya baridi, kwa hiyo kuku wa jirani wamehamia pale mchana kutwa. Koki iko chini kama ulivyotaka. Jana Elia alijaribu maji kwa kidole, akakirudisha haraka akajifanya hakuungua.

Sema tarehe utakayokuja, nikutandikie kitanda.

Mwanao,
Hilda


Mikumi,
13 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile ya pampu, na hakuna jibu. Mudi anasema unazipokea, unamshukuru, unafunga mlango. Mwezi wa saba ndio huu. Nimekukosea nini? Kama ni mashine, mama, Elia ataing'oa na nitakuwashia kuni. Ninaogopa. Safari hii nataka mikono yako iwepo.

Hilda


Kilosa,
20 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote nimezipata. Sikujibu kwa sababu ungeona mwandiko si wangu. Hii anaandika jirani yangu Editha, mimi nasema.

Baada ya Pasaka nilikuwa namkanda binti yake. Nikachovya kitambaa, nikataka kukikamua, kikaniponyoka. Nikakiokota, kikaniponyoka tena. Hospitali wakasema ni kiharusi kidogo. Nashukuru Mungu mdomo haukupinda, ila mkono wa kulia haufungi na hauna hisia.

Mwiteni mama yake Elia, ana mikono mizuri. Mimi nije kufanya nini, kukaa kitini kama mgeni? Nilikuwa na kitu kimoja cha kukupa, na sasa sina. Usinikasirikie.

Mama yako


Mikumi,
23 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimekula ugali, sasa naandika.

Mama mkwe atanikanda, tumeshaongea. Lakini wewe utakaa pale kwenye kigoda umsimamie, umwambie wapi akaze na wapi alegeze, maana yeye ana huruma mno. Nikisikia maumivu nataka nikuone wewe umekaa mbele yangu.

Na kabla mtoto hajaja, asubuhi na jioni, nitakukanda wewe. Nimemuuliza muuguzi, amesema mkono usiohisi upewe maji ya vuguvugu, kwa hiyo Elia ameyapunguzia moto. Kukanda najua. Yule aliyekuwa anachochea moto na kuimba ovyo alikuwa anakuangalia mikono muda wote. Unaanzia begani, unashuka, unatulia kwenye kiungo.

Usije kunihudumia. Njoo tu, mama. Elia anakuja Jumamosi na gari la kuazima. Ukitaka kukataa, mkatalie yeye.

Mwanao,
Hilda


Kilosa,
25 Julai 2025

Mwanangu Hilda,

Marahaba. Editha ameandika hii huku ananifungia mzigo. Kuku nimemwachia yeye, na ufunguo. Mkwe wangu atanikuta nimekaa barazani.

Usiku nimewaza jambo moja, nikaona bora nikuambie kabla hatujaonana, usije ukanicheka. Wakati nakuzaa wewe mama yangu alikuwa ameshafariki, na mama mkwe alikuwa mbali. Nilichemsha maji mwenyewe, nikajikanda mwenyewe, mkono mmoja nimekushika wewe. Ndivyo nilivyojifunza kazi hii. Wanawake wengi wamenishukuru, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunishika na maji ya moto.

Kwa hiyo mtu anayekandwa anakaaje, sijui. Utanielekeza.

Mama yako,
Magreti