Maji Niliyoyabadilisha Kwenye Glasi za Binti Yangu

Shamba limekufa, mshauri mpendwa, na aliyeliua ni mimi, salamu nitakupa baadaye, kwanza naomba msaada. Binti yangu ni mtaalamu wa udongo, sisemi kujisifu ingawa najisifu, mimi niliishia darasa la saba lakini yeye wazee wenye mvi wanamwita Daktari, na ndiye waliyempa kazi ya kuponya bonde letu lililoliwa na chumvi. Mwezi uliopita aliweka madonge ya udongo kwenye glasi sita za maji ya mvua, juu ya meza yangu, akasema, "Mama, usiziguse mpaka nirudi jioni. Donge likisimama, tunafungulia maji ya mfereji yaoshe chumvi. Likiyeyuka, tunasubiri kwanza tuweke jasi, ule unga mweupe wa kushikanisha udongo." Kufika mchana maji yamekuwa kama maziwa, hakuna donge lililosimama, na mimi nimeshawaalika mawifi zangu waje waone kazi ya mwanangu, na yule wifi mkubwa ulimi wake naujua, angesema, "Daktari gani huyu wa matope?" Basi nikaosha glasi, nikatoa madonge mengine kwenye mfuko uleule, nikajaza maji ya kisima chetu chenye chumvi, madonge yakasimama kama mikate. Mawifi wakasifu, kichwa kikanivimba. Jioni binti akayatazama, akanikumbatia. "Mama, udongo umepona." Na mimi nikamkumbatia.

Wakafungulia maji, wakaanza na shamba letu. Udongo ukawa uji, kisha ukakauka kama sakafu, maji hayazami, miche yote imeoza. Jumamosi bonde zima linakutana uwanjani kwetu kumwachisha kazi. Binti hali chakula, anafunua daftari lake ukurasa kwa ukurasa, jana kaniambia, "Mama, labda mimi sikusoma kitu." Nikamwekea chai. Nifanye nini?

Mama Daktari

Mama Daktari, salamu zako nimezipokea hata kabla hujazitoa, na pole. Lakini umenikasirisha. Shamba uliliharibu kwa kutojua, hilo nakusamehe. Nimemuuliza bwana shamba mmoja, akaniambia maji ya chumvi hulishikilia donge bovu lisiyeyuke, maji ya mvua ndiyo husema kweli. Wewe hukujua. Ila unajua kwamba mwanao anatafuta kwenye daftari kosa ambalo halimo, na unamwekea chai.

Sitakudanganya. Shamba halitarudi msimu huu, pengine wala ujao. Kazi yake huenda ikapotea hata ukisema, na yeye anaweza kukaa miezi bila kukuita mama. Sema hata hivyo. Kamwambie leo, kabla hujalikunja gazeti hili, na usianze na "nilikutakia mema". Anza na glasi.

Kisha kinga maji ya mvua, chota na ya kisima. Mwombe akuruhusu uweke glasi mbili mbele ya watu, donge la mfuko uleule kila moja, wakae watazame mpaka moja liyeyuke. Mdomo wako ndio useme nani alibadilisha maji, kabla nao hawajafungulia maji kwenye mashamba yao. Ulijua kuwaalika watu waje waone sifa, sasa waalike waone hili. Waite wote, na wifi mkubwa umpe kiti cha mbele, Jumamosi saa tatu asubuhi.