Kule Ulikofunga Maji

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Mkono wenyewe umekataa.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Nasema tukuzike, na mimi makaburini sikwenda. Nilibaki ndani na wanawake wenzangu, nikasikiliza miguu ya watu ikiondoka nawe, na sauti zao zikipungua, zikipungua, hata nikawa nasikia kuku wa jirani tu. Kaka Suleimani alikaa mpaka matanga yakaanuliwa, kisha akarudi Mombasa kwenye kazi yake. Hunipigia simu kila Ijumaa. "Mishi, uko salama?" Nami hujibu niko salama, kwa kuwa simu si mahali pa kusema mengine. Baada ya hapo siku mbili, tatu, hupita sijatamka neno ila kwa mwenye duka. Na bado napika wali wa watu wawili, Baba. Nimejaribu kupima wa mmoja, mkono hauwezi.

Nakuandikia nikueleze ile kazi uliyonituma, ilivyokwenda.

Labda huikumbuki. Ilikuwa siku nne kabla hujafa, baada ya alasiri, nakunywesha uji. Mwaka mzima ulikuwa ukiniita kwa jina la marehemu mama, nami nilikwisha zoea kuitikia. Siku ile ukanitazama, ukasema, "Mishi." Kijiko kilinitoka mkononi. Ukasema, "Kaniombee radhi. Kule nilikofunga." Nikakuuliza, kule wapi, Baba? Ukasema, "Kule." Ukafumba macho. Ulipoyafumbua nilikuwa mama tena, ukaniuliza kama mvua imenyesha.

Siku ya mazishi imamu aliwauliza watu, kama ilivyo desturi, nao wakaitikia kwa pamoja kwamba wamekusamehe. Suleimani akaniambia, basi, yamekwisha hayo. Lakini wewe hukusema msikitini. Ulisema kule. Na wewe, Baba, ulifunga kila mahali.

Nani Ukunda hakufungiwa maji na wewe? Zaidi ya miaka ishirini ulitembea na ule ufunguo wa chuma mrefu kunizidi, ukifungua koki za mtaa huu na kufunga za mtaa ule, kwa kuwa maji ya mradi hayakutosha watu wote siku moja. Leo zamu ya Mvindeni, kesho ya Bongwe. Watu walikuita Juma Koki hata jina la babu likasahaulika. Siku ambazo hakuna shule ulinichukua. Ulikuwa ukizungusha ufunguo, kisha unaniambia nilale kifudifudi kando ya kishimo cha koki, niweke sikio chini. "Unasikia? Hayo yanakwenda kwa watu." Nguo yangu ilijaa vumbi, na mama akitugombeza sote wawili.

Basi, kwa kuwa sikujua ni kule wapi, niliazimia kwenda kote. Kila mtaa, kila kichochoro, kila mlango. Nilipomwambia Suleimani kwenye simu, aliniuliza kama nakula vizuri.

Nilianza siku ya pili baada ya arobaini yako, upande wa Mvindeni. Nilivaa viatu vya raba chini ya buibui. Mlango wa kwanza nilisimama muda mrefu kabla ya kupiga hodi. Nitasema nini? Tangu niache kazi ya dobi kule hotelini nije nikutunze, nilikuwa sijabisha mlango wa mtu. Alitoka mama mmoja na upawa mkononi. Nikamwambia, mimi ni binti wa Mzee Juma Koki, Mwenyezi Mungu amemchukua, kama alikukosea nimekuja kumwombea radhi. Yule mama akaweka upawa chini, akapangusa mikono kwenye leso, akasema, "Mzee Juma amekufa? Na mbona sisi hatukuambiwa?" Akalia, Baba. Mtu nisiyemjua. Nikasimama pale mlangoni kwake kama mgeni wa msiba wangu mwenyewe.

Siku nyingine hazikuwa hivyo. Huujui tena mji huu. Viwanja ulivyokata njia ukipita vina maghorofa ya kupangisha, milango ishirini kwa ngazi moja, na wengi wa ndani wametoka bara, wanafanya kazi hotelini, wanalala mchana. Nilidhaniwa nauza sabuni, nikadhaniwa nimetumwa na mwanasiasa. Kijana mmoja mlinzi wa geti aliniuliza, "Madhe, kwani uko na shida gani?" Nikamweleza. Akafikiri, akasema, "Sawa, lakini hapa watu wote ni wa juzi. Hakuna mwenye alimjua." Nikamwambia hata hivyo nitapanda. Akanifungulia, akanifuata ngazi zote, na kila mlango uliofunguka yeye ndiye aliyeeleza, maana alijua kusema nao kuliko mimi. Ghorofa ya juu kulikuwa na mama mmoja anayefua mashuka, msalaba shingoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi hajanikosea kitu, lakini kama nimebeba msamaha wa aliyekaa hapa kabla yangu, uchukue." Akanipa kikombe cha chai na ndizi mbili za kuchemsha. Nilikula huku nimeketi kwenye kindoo chake kilichofudikizwa. Ilikuwa mara ya kwanza kula na mtu tangu matanga yaanuliwe.

Bongwe nilimkuta mtu mzima mmoja fundi baiskeli aliyekataa. "Simsamehi!" Nikasema moyoni, ndiye, ndiyo kule. Kumbe alipokuwa mtoto alitia kokoto kwenye kishimo cha koki, ukamkimbiza mpaka barabara ya lami, akaacha kiatu njiani, na mamake akamchapa kwa kiatu kilichobaki. Alipomaliza kusimulia alikuwa anacheka hata machozi yanamtoka. Akasema, "Haya, nimemsamehe, lakini kile kiatu atakijibu kwa Mungu." Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikataka kukuhadithia. Niliingia chumbani kwako, Baba, nikafungua mdomo.

Wiki ya sita nilifika Gombato.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zamani, imebanwa na fleti mbili. Bibi mmoja alikuwa amekaa barazani anapepeta mchele kwa kuupapasa, maana macho yake yana ukungu. Nilipotaja jina lako aliacha kupepeta.

"Juma Koki ndiye aliyekufa?" akauliza. "Basi ndiyo maana."

Nikamuuliza, maana ya nini, bibi? Akaniambia nikae. Anaitwa Bi Mwanakombo. Yaliyobaki nitakuandikia kama alivyonieleza, japo wewe unayajua kuliko sisi sote.

Siku mumewe alipofariki, maji yalikuwa yakitoka. Maiti ilikuwa kitandani, waoshaji wamefika, na ndoo ya kwanza ndiyo kwanza inajaa, mfereji ukakata. Bi Mwanakombo alitoka mbio, kichwa wazi, akakukuta kwenye koki ya kona. Akakuomba uwaachie saa moja tu, wana maiti ndani. Nawe ukamwambia, "Kila siku mna maiti. Zamu yenu imekwisha." Ukabeba ufunguo wako ukaenda.

Nilitaka kumwambia huyo si baba yangu. Lakini nilikumbuka jinsi watu walivyokuwa wakikudanganya. Leo harusi, kesho mgonjwa, kesho kutwa maiti, na kila aliyedanganya alikuwa akinywa maji ya mtaa mwingine. Ulikwisha choka kuamini. Nilimwambia hivyo Bi Mwanakombo, si kwa kukutetea. Akasema, "Najua, mwanangu. Mimi mwenyewe niliwahi kumdanganya."

Mumewe alioshwa kwa maji ya kisima cha msikiti, wanawake wakichota kwa zamu, akazikwa siku ile ile. "Hakupungukiwa na kitu," akasema. Nawe jioni ulipita, ukaona turubai na watu wamejaa barabarani. Alikuona ukisimama. Ulisimama kitambo, kisha ukageuka. Tangu siku ile, koki ya kona ukawa unaijia kwa njia ya nyuma, usipite mbele ya mlango wake. Miaka yote ile, Baba. Na nyumbani hukutuambia, si mimi, si mama.

Kisha akanieleza kitu ambacho mpaka sasa sijui nikiweke wapi moyoni.

Ulikwenda. Mwaka juzi, ulipoanza kupotea, kumbe hukuwa ukipotea. Ulikwenda Gombato, kwa miguu, ukapiga hodi, ukakaa barazani pake, ukamwambia, "Bibi, nimekuja kufungua." Mwanzo hakukujua. Alipokujua alikwambia, nimekusamehe, Juma. Ulilia, akakupa tende na kahawa, na vijana wa bodaboda wakakurudisha. Wiki ile ile ukarudi. "Bibi, nimekuja kufungua." Ulikuwa umesahau kwamba umekwisha samehewa. Akakusamehe tena. "Sikuhesabu," akaniambia. "Kila akija nilimsamehe upya, na kila mara alilia vile vile."

Ulipokuwa na akili zako zote hukuthubutu. Ugonjwa ndio uliokupa ujasiri.

Nazikumbuka siku hizo. Bodaboda walikushusha mlangoni, "Mama, huyu mzee wako tumemwokota tena," nami nikakuvuta mkono kwa hasira, kwa aibu ya majirani. Nilikuwa nimeshinda nikizunguka kukutafuta hata miguu imevimba. Usiku wa siku hizo ulilala vizuri. Nilidhani ni uchovu wa kutembea.

Bi Mwanakombo akasema, "Halafu akaacha kuja. Nikashukuru. Nikadhani amepata nafuu."

Hukupata nafuu. Nilinunua kufuli.

Nilimwambia. Sikuweza kunyamaza, na yeye macho yake hayaoni vizuri, ikawa rahisi kidogo kusema. Nilimwambia nilikufungia miezi minane, na wewe ulikuwa unashika nondo za mlango unaniomba kwa jina la mama, "Nifungulie nina kazi," nami nikikujibu kutoka jikoni kwamba kazi zako zilikwisha zamani. Nilikujibu hivyo kwa sauti ya ukali. Siku nyingine sikukujibu kabisa.

Bi Mwanakombo hakusema nimefanya vibaya, wala hakusema nimefanya vizuri. Alinitafuta mkono mpaka akaupata. Tukakaa hivyo hata ikaadhiniwa adhuhuri, na mchele ukabaki umeenea kwenye ungo, kuku wakija wakidonoa, hakuna aliyewafukuza.

Baba, radhi yako nimeipata. Imekuwepo tangu wakati huo, na wewe ulipewa si mara moja. Lakini yangu naiombea wapi? Wewe ulikuwa na mlango wa kubisha. Mimi nikibisha kwako nitajibiwa na nani? Nimekwenda makaburini mara mbili, asubuhi watu wakiwa hawapo, nikasimama nje ya ukuta nikakuomba. Upepo tu. Nikarudi nyumbani, nikajiona kama yule bibi aliyetoka mbio kichwa wazi, na aliyemwomba amekwisha ondoka.

Nilimuuliza Bi Mwanakombo kama inatosha kuomba tu bila kujibiwa. Akasema yeye hajui, yeye hakusoma. Ila alikujua. "Baba yako alikuwa akija hapa anatetemeka," akasema. "Aliyetetemeka vile hawezi kumwacha mwingine atetemeke." Naishika kauli hiyo. Kuna siku inanitosha, kuna siku hainitoshi.

Ungedhani baada ya Gombato nimeacha kutembea. Suleimani alidhani hivyo, akasema sasa utapumzika. Lakini kumebaki Mabokoni yote na vichochoro vya nyuma ya uwanja wa ndege, na siwezi kujua kama hakuna mlango mwingine uliokuwa ukiupita kwa nyuma. Na nikwambie kweli, kwa kuwa wewe ndiye pekee wa kuambiwa: nikikaa nyumbani ukuta unanitazama. Nikitoka, mtu husema, "Ewe binti wa Juma Koki, hujambo?" Hata akiwa mmoja kwa siku nzima, amenitosha kurudi.

Mlinzi wa lile ghorofa sasa ananijua kwa jina. Na Bi Mwanakombo hana mtoto hapa. Wa kwake yuko Lunga Lunga na ana mambo yake. Ameandikiwa kwenda Msambweni kutazamwa macho, na barua ya daktari imekaa chini ya godoro lake tangu Ramadhani kwa kuwa hakuna wa kumshika mkono. Nimemwahidi Jumatatu. Nakuahidi na wewe. Nitamkalisha dirishani ndani ya gari, na hata kama haoni nitamtajia kila mahali tunapopita, kituo kwa kituo, mpaka tufike. Na tukirudi nitakula kwake, amekwisha niambia nisipike.

Kwa sasa nakuacha, Baba. Mungu akupanulie kaburi lako, akutie nuru humo. Mabokoni nitaanza Jumanne asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mwanao,
Mishi